Maji ya Uso

Bibi Somoe alikuwa na kibanio cha chuma,
kimefungwa pindoni mwa kanga pamoja na ugoro.
Kila asubuhi alikaa kizingitini
akang'oa kope, moja moja,
zile zilizogeukia ndani
zikawa zinamkwaruza jicho kila anapopepesa.
"Usitikise kioo," alisema. "Unanitikisia dunia."

Mimi ndiye niliyeshika kioo.

Huku juu Nambunda, uwandani Newala,
upepo tunao, mikorosho tunayo,
kilichokosekana ni kitu cha kunawia.
Mama zetu walishuka bondeni saa tisa za usiku,
wakarudi jua likiwapanda mgongoni.
Ndoo moja.
Ya ugali kwanza. Ya mgonjwa. Ya mbuzi mwenye mimba.
Uso ulingoje.

Inzi hawakungoja.

Kisha chemchemi yenyewe ikaanza kusinyaa.
Msitu wa mteremkoni tuliuuza gunia kwa gunia,
na sisemi wengine:
ada yangu ya kidato cha pili ilikuwa mpangapanga
uliochomwa siku sita chini ya udongo.
Mvua nayo ikageuka tabia.
Desemba ikapita mikono mitupu,
Machi ikamwaga yote kwa siku mbili,
ikachukua udongo, ikaacha mbavu za kilima.

Zahanati ilinipa daftari na kalamu inayovuja:
pita nyumba kwa nyumba, hesabu nyuso za watoto.
Mia moja na kumi na moja.
Safi, kumi na tisa.
Mgeni mmoja alisoma hesabu yangu, akauliza
kama watu wa huku hawafundishwi usafi.
Nikampa ndoo.
Aliishia kwenye kona ya pili ya mteremko,
akakaa juu ya jiwe, akaomba maji.

Tulichofanya si kikubwa.
Tulikata mabati ya zamani yakawa mifereji,
tukachimba kisima cha mvua nyuma ya shule,
fundi Chitanda akakisakafia mara mbili
kwa sababu mara ya kwanza kilipasuka
akasingizia saruji.
Kuhusu mteremko, mkutano ulilala njaa.
Nantanga, mchoma mkaa, alisimama:
"Nikiacha tanuri, nani atanilisha? Nyinyi?
Au nirudi porini kuchimba ming'oko?"
Hakuna aliyemjibu.
Mpaka leo hajajibiwa vizuri.
Tulimpa kitalu cha miche na posho ndogo,
akapokea huku anatutukana,
na usiku mwingine upepo ukigeuka
tunasikia harufu ya moshi, tunanyamaza.

Lakini miche elfu mbili imeshika.
Chemchemi haijajaa,
ila mwaka jana haikukauka mwezi wa kumi,
ikafika wa kumi na moja ikiwa bado inadondoka,
na watu walikwenda kuitazama tu,
kama wanavyokwenda kumtazama mzazi.

Shuleni wananawa kwa zamu, kopo lenye tundu,
kiganja kimoja kila mtoto.
Kiganja kimoja!
Daftari la mwaka huu: safi, sabini na nne.
Nimeihesabu mara tatu, siiamini kalamu yangu.

Bibi Somoe walimpasua kope mwezi wa saba,
kwenye darasa la tano, juu ya madawati mawili.
Jicho la kulia limetulia.
La kushoto lilikwisha kuwa jeupe,
maji yalilichelewea.
Siku ile ile alinawa uso kwenye kisima cha shule,
polepole, akirudia, akirudia,
foleni ya watoto nyuma yake imenyamaza,
wala hakuna aliyemwambia: kiganja kimoja, bibi.

Kibanio amenipa mimi.
Jana nilimtolea Nantanga mwiba wa kisigino,
ameupata akimwagilia.
Alipiga kelele kama mtoto.
"Usitikise mguu," nikamwambia.